Lafdhi, Maana na Pambizo

Swali la kama kinachosemwa kinaweza kutenganishwa na namna kinavyoonekana ni kongwe katika falsafa na katika elimu ya dini, na lilijadiliwa kwa karne nyingi kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa. Jipya lililoletwa na teknolojia ya hati ni kwamba swali hilo lililazimika kupewa jibu la kiutendaji, kwa kuwa mashine haiwezi kupanga ukurasa ikiwa haijaambiwa kipi ni maandishi na kipi ni sura ya maandishi hayo. Wahandisi walichagua kutenganisha. Mwaka 1986 kiwango cha kimataifa kinachojulikana kama SGML kilithibitisha kanuni kwamba hati yenye muundo ni ile ambayo kila sehemu yake imetiwa lebo inayotaja sehemu hiyo ni nini katika hoja ya hati, si inavyopaswa kuonekana: lebo husema kwamba maneno fulani ni kichwa cha sura, wala haisemi kwamba yaandikwe kwa herufi nzito za pointi 18. Mwonekano huandikwa kando, katika faili liitwalo laha ya mitindo, na lugha inayotumika kuiandika laha hiyo ndiyo lugha ya mitindo.

Kanuni hiyo ikikubaliwa, huzuka jambo ambalo wahandisi wenyewe hawakulitarajia kuwa gumu, nalo ni kwamba lugha za mitindo zilikuwa nyingi na kila moja ilidai kuivalisha hati ileile. Mwaka 1996 pekee, shirika la viwango la kimataifa lilitoa DSSSL, lugha yenye mabano mengi iliyojengwa juu ya lugha ya programu iitwayo Scheme. Kampuni ya Netscape ikapendekeza laha za mitindo zilizoandikwa kwa JavaScript. Na tarehe 17 Desemba muungano wa viwango vya wavuti, W3C, ukaidhinisha CSS. Mwaka uliofuata Microsoft, ArborText na Inso ziliwasilisha pendekezo la XSL, lugha iliyokusudiwa hati za XML, yaani lugha ya kutia lebo iliyotokana na SGML, na kwa miaka kadhaa baadaye CSS na XSL zilisimama ana kwa ana ndani ya muungano uleule, kila moja ikiwa na watetezi wake. Hoja ya makala haya ni kwamba lugha hizi mbili zilipatanishwa katika majina ya mambo, na upatanifu huo wa majina ulificha tofauti ya ndani zaidi kuhusu maana iko wapi na nani ana haki ya kuipa sura.

Mfano wa karibu utasaidia. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na mizani minane, vitatu vya kwanza vikifungana kwa kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachopita utenzi mzima, ambacho wajuzi hukiita kina cha bahari. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu ubeti huo huandikwa katika mstari mmoja unaotoka kulia kwenda kushoto, vipande vikitenganishwa kwa alama ndogo. Katika vitabu vilivyochapwa kwa herufi za Kirumi, vipande hivyohivyo hupangwa kimoja chini ya kingine. Anayeamini kanuni ya kutenganisha atasema kwamba hapa hakuna lililobadilika isipokuwa vazi. Atatia lebo ya ubeti na lebo ya kipande, kisha katika CSS ataandika kanuni moja inayosema kwamba kila kipande kisimame kama tofali lake, na kupata mistari minne. Au atabadilisha neno moja ili vipande vifuatane mstarini, na kuongeza kanuni ya kutia alama baada ya kila kipande, na kupata mpangilio wa mswada. Maandishi hayaguswi, na jambo hilo hutendeka kweli.

Lakini mtu huyohuyo akitaka kuhamisha utenzi kutoka hati ya Kiarabu hadi ya Kirumi, CSS humwacha njiani, kwa sababu CSS hupamba kilichopo na haibadilishi herufi. XSL ina sehemu iitwayo XSLT, ambayo kazi yake ni kuuchukua mti mmoja, yaani hati iliyogawanywa katika matawi ya lebo zake, na kutoa mti mwingine. Yenyewe ingeweza kuamriwa ibadilishe kila herufi kwa nyingine. Hata hivyo, katika maandishi ya zamani ya Kiswahili irabu *e* na *i* zilitiwa alama moja, *o* na *u* alama moja, na mara nyingi sauti ya puani katika *mb* au *nd* haikuandikwa, kwa hiyo msomaji ndiye aliyejaza kilichokosekana kwa kuijua lugha yake. Kinachoonekana kama kubadilisha vazi kinageuka kuwa tafsiri, na mpaka kati ya mtindo na maana, ambao ubetini ulionekana wazi kama mstari wa rula, hapa unapotea ndani ya mdomo wa msomaji.

Wanafalsafa wa Kiislamu, wakiufuata mjadala uliotoka kwa Aristotle, walitofautisha kati ya jauhari, yaani kitu kinachosimama chenyewe, na sifa zake za muda ambazo zinaweza kuja na kuondoka bila kitu chenyewe kuangamia. (Johari ya Kiswahili imetoka katika neno hilohilo la Kiarabu, na si ajabu kwamba lugha moja imelibakiza kwenye kito na nyingine kwenye mizani ya wanatheolojia.) Nadharia ya hati yenye muundo ni nadharia ya jauhari: muundo ni dhati, rangi na ukubwa ni sifa za kupita. Jambo la kushangaza ni kwamba nadharia hiyo inampindua Aristotle, ambaye kwake umbo ndilo linalokifanya kitu kiwe kilivyo na mata ndiyo inayosubiri kuumbwa, ilhali wahandisi wa hati waliliita umbo nyongeza. Ukweli ni kwamba maumbo ni mawili, umbo la hoja na umbo la ukurasa, na ugomvi wa lugha za mitindo ni ugomvi juu ya lini la kwanza linageuka kuwa la pili na ni nani anayeshuhudia mgeuko huo.

CSS ilizaliwa ikiwa na jibu la kisiasa kwa swali hilo. Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN, alipotoa rasimu yake ya kwanza tarehe 10 Oktoba 1994, aliweka ndani yake utaratibu ambao leo unasomeka kama mkataba wa kijamii uliotiwa kwenye hesabu: kila kanuni ilibeba asilimia ya ushawishi, msomaji akitangulia kusema anachokitaka na kwa kiwango gani, na kilichobaki kikikabidhiwa laha zilizokuja na hati. Anayedai asilimia 40 juu ya ukubwa wa herufi alikuwa anakiri kwamba asilimia 60 ni ya mwingine. Utaratibu wa asilimia haukuingia katika CSS iliyoidhinishwa, na pengine ni heri, kwa sababu wastani kati ya rangi mbili au kati ya aina mbili za herufi si jambo ambalo jicho linaliheshimu. Kilichobaki ni wazo la mteremko, ambalo ndilo lililoipa lugha jina lake: kanuni hutiririka kutoka vyanzo vitatu, yaani kivinjari, msomaji na mwandishi, na pale zinapogongana kuna taratibu za kuamua ipi ipite.

Taratibu hizo zilibadilishwa mara moja kwa namna inayostahili kuzingatiwa na yeyote anayedhani kwamba viwango vya ufundi havina maadili. Katika CSS ya kwanza, mwandishi na msomaji wote waliruhusiwa kuitia kanuni alama ya kuitangaza kuwa muhimu, na wote wawili wakiitia, mwandishi alishinda. Katika CSS2, iliyoidhinishwa Mei 1998, mpangilio uligeuzwa: alama ya msomaji ikapewa nguvu kuliko ya mwandishi, ili mtu mwenye uoni hafifu anayehitaji herufi kubwa nyeusi juu ya njano asinyimwe kwa sababu mbunifu fulani alipenda kijivu. Badiliko hilo halikuongeza uwezo wowote wa kuchora; liliamua tu nani ana neno la mwisho juu ya sura ya ukurasa.

XSL ilitoka katika ukoo mwingine. Wazazi wake walikuwa wachapaji wa miongozo ya ndege, sheria na kamusi, watu ambao kwao ukurasa ni kitu kinachomalizwa kabla msomaji hajafika. Kwao haikutosha kupaka rangi. Walihitaji kukusanya vichwa vyote vya sura na kuvitengenezea yaliyomo, kupanga maingizo kwa alfabeti, kuhamisha tanbihi hadi chini ya ukurasa. Ndiyo maana XSL ilikuja ikiwa na hatua mbili: XSLT, iliyoidhinishwa Novemba 1999, huugeuza mti wa hati kuwa mti mwingine, na mti huo mpya huundwa kwa vitu vya mpangilio, ambavyo ni lebo zinazosema "tofali", "mstari", "picha ya nje", "seli ya jedwali", na programu ya kupanga kurasa huvisoma na kuvichapa. Sehemu hii ya pili iliidhinishwa Oktoba 2001. Kinachotoka mwishoni ni ukurasa uliotimia, nao haumwulizi mtu.

Hapa ndipo upatanifu ulipotafutwa, na kwa juhudi ya kweli. W3C ilitaka lugha zote mbili zitumie muundo mmoja wa sifa za mwonekano, kwa hiyo XSL ikakopa majina ya CSS2 kwa makumi: ukubwa wa herufi, rangi, mpaka, hata sifa za sauti zinazoielekeza programu isomayo skrini. Mwaka 1998 Lie na mwenzake Bert Bos walitoa maelezo ya jinsi ya kuzitumia lugha hizo pamoja, XSL ikibadilisha hati na CSS ikiivalisha, na mwaka 1999 ukapitishwa utaratibu wa kuiambatisha laha yoyote kwenye hati ya XML kwa mstari mmoja juu yake unaotaja aina ya lugha. Kwa aliyetazama kwa mbali, ndugu wawili walikuwa wamegawana shamba.

Aliyetazama kwa karibu aliona mambo mengine. Sifa ya `margin-left`, yaani pambizo ya kushoto, ipo katika lugha zote mbili. Katika CSS pambizo hairithiwi: ni mali ya tofali lililoandikiwa, na watoto wake hawaichukui. Katika XSL jina hilohilo hufasiriwa ndani kwa ndani kuwa sifa nyingine, `start-indent`, yaani ujongezo wa upande wa mwanzo, na sifa hiyo hurithiwa, ila hupimwa kutoka kwenye ukingo wa eneo la marejeo, kwa mfano safu ya ukurasa au seli ya jedwali. Mtu akiandika pambizo ya pointi 30 kwenye tofali lenye aya ndani yake, lugha zote mbili hutoa matokeo sawa na hakuna anayeshtuka. Akiweka jedwali ndani ya tofali hilohilo, CSS hulisogeza jedwali pointi 30 na kuishia hapo. XSL hulisogeza jedwali pointi 30, kisha, kwa kuwa kila seli ni eneo jipya la marejeo, huyasogeza maandishi ya ndani ya seli pointi 30 nyingine. Mpangaji hukodoa macho akitafuta kosa lake, na kosa halipo. Dawa ambayo wazoefu wa XSL hutumia ni kuandika ujongezo wa sifuri kwenye mwili wa jedwali, dawa ndogo kwa ugonjwa ambao asili yake ni ya kifalsafa: neno moja, nadharia mbili za mali na urithi.

Lugha yoyote iliyowahi kukopa msamiati kutoka nyingine inaijua hali hii, na Kiswahili kinaijua kuliko nyingi. Neno likivuka bahari hufika na sauti yake, lakini mahusiano yake na maneno mengine ya nyumbani kwake hubaki kule. *Safari* na *hadithi* za Kiswahili hazifanyi kazi ileile ambayo asili zake hufanya katika Kiarabu, na anayedhani ameelewana na mwenzake kwa sababu wote wametamka neno moja huenda akagundua baadaye kwamba kila mmoja alikuwa kwenye jedwali lake. Upatanifu wa majina ni rahisi kuupima, na kwa hiyo kamati huupenda. Upatanifu wa mahusiano hauonekani hadi kitu kipya kiingizwe katikati.

Kuna upande ambapo XSL ilikuwa na hekima zaidi, na watetezi wa CSS walichelewa kulikiri hilo. CSS ilitaja kushoto na kulia, kana kwamba ukurasa wote duniani husomwa kuelekea upande mmoja, ilhali XSL ilitaja pia mwanzo na mwisho, mbele na nyuma, kwa kufuata mwendo wa maandishi yenyewe. Utenzi wa mswada wa Lamu na utenzi uleule katika herufi za Kirumi vyote vina mwanzo wa mstari, lakini mmoja huanzia kulia na mwingine kushoto. Laha inayosema "jongeza mwanzo" huwafaa wote wawili, na laha inayosema "jongeza kushoto" humkosea mmoja wao. Miaka mingi baadaye CSS iliongeza sifa za aina hiyo, kama `margin-inline-start`, na hapo lugha ya mitindo ikakubali kwamba upande wa kushoto si ukweli wa maumbile bali ni matokeo ya mwandiko.

Mjadala wa lafdhi, yaani neno linavyotamkwa, na maana katika elimu ya Kiarabu unatoa njia ya kuyaweka haya pamoja. Al-Jahiz, katika karne ya 9, aliona kwamba maana ni mali ya kila mtu na ubora uko katika namna ya kuzitamka. Abdul-Qahir al-Jurjani, katika karne ya 11, alikataa kuuweka muujiza wa Kurani katika lafdhi peke yake au katika maana peke yake, akauweka katika nadhmu, yaani mpangilio unaoyafunga maneno kulingana na mahusiano yao ya kisarufi. Al-Jurjani hakuwa anazungumzia wino. Hata hivyo kazi yake inaonyesha njia ya tatu: kwamba kuna mpangilio ambao si vazi wala si johari tupu, ambao ukiuondoa umeondoa maana.

Historia ya msahafu wenyewe inaonyesha jinsi mpaka huo ulivyolindwa na pia jinsi ulivyovukwa bila ruhusa. Katika misahafu ya mapema ya mwandiko wa Kufi, irabu zilitiwa kama vitone vyekundu juu ya herufi nyeusi, ili msaada wa msomaji usichanganywe na maandishi yaliyopokewa. Rangi ilikuwa ndiyo lebo, na mtu anaweza kusema bila kutia chumvi kwamba hapo palikuwa na tabaka mbili za hati katika ngozi moja. Leo iko misahafu ambayo rangi zake zinafundisha hukumu za tajwidi, na mwanafunzi wa madrasa huvuta sauti pale rangi inapomwamuru. Tena, msahafu unaochapwa Madina, wenye kurasa 604 na mistari 15 katika ukurasa wa kawaida, umepangwa ili kila ukurasa uishie mwishoni mwa aya, na mwenye kuhifadhi huikumbuka aya kwa mahali ilipo, juu kulia au chini kushoto. Ukimpa mtu huyo maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, yakiwa yamepangwa upya na kivinjari kwa upana wa simu, hujamnyima neno hata moja, na bado utamwona akisitasita kutafuta aya iliyokuwa ulimini. Kwake pambizo ilikuwa sehemu ya kumbukumbu, na hakuna lebo ya muundo iliyolitaja hilo.

Mfano huu unaelekea kuwapa haki watu wa XSL, wanaotaka ukurasa uliotimia. Hatari yao iko upande wa pili, na Lie aliieleza mwaka 1999 kwa ukali: hati ikiisha kugeuzwa kuwa vitu vya mpangilio na kutumwa hivyo kwenye wavuti, kilichokuwa kichwa cha sura kinamfikia msomaji kama tofali lenye herufi nzito za pointi 18, na programu inayomsomea asiyeona haiwezi tena kujua kwamba hapa sura imeanza. Dhati imeyeyushwa katika sifa zake. XSL ilijibu kwa kuweka sifa ya kutaja wadhifa wa asili wa kila kitu na nyingine ya kutaja hati kilikotoka; jibu la haki, lakini la hiari, na mambo ya hiari ndiyo ya kwanza kusahauliwa na mwenye haraka. Kwa kulinganisha, hati iliyopambwa kwa CSS inafika ikiwa na lebo zake, na vazi linaweza kuvuliwa mlangoni.

Hata CSS iliwahi kuonja namna ya kuishi ndani ya lugha nyingine. Netscape Communicator 4 ya mwaka 1997 iliitekeleza CSS kwa kuigeuza kwanza kuwa laha za mitindo za JavaScript, kwa hiyo mtumiaji aliyeizima JavaScript kwa ajili ya usalama alijikuta ameizima CSS pia, bila kuelezwa uhusiano. Tafsiri ilikuwa sahihi kwa kiasi chake. Kilichokosekana ni kwamba mtafsiri alikuwa ameshika pia ufunguo wa nyumba.

Ugomvi wenyewe ulipoa bila hukumu kutolewa. CSS ilichukua vivinjari vyote na polepole ikaingia hata katika uchapaji wa vitabu. XSLT ikabaki katika seva na nyumba za uchapaji, ikifanya kazi ya kugeuza miti pasipoonekana. Vitu vya mpangilio vikaendelea kutoa miongozo na ankara. Mgawanyo huo unafanana sana na ule ulioshauriwa mwaka 1998. Ila katika mapatano hayo mhusika wa tatu, yaani msomaji, ambaye Lie alimtanguliza katika rasimu ya 1994, hakuwa mezani. Mwaka 2014 kivinjari cha Chrome kiliondoa uwezo wa mtumiaji kuweka laha yake mwenyewe, na mwaka 2019 Firefox ikauzima uwezo huo hadi mtumiaji auwashe kwa kuingia katika mipangilio ya ndani. Kiwango bado kinasema kwamba kanuni muhimu ya msomaji huishinda ya mwandishi. Mwenye uoni hafifu anayetaka njano yake leo hutafuta programu-jalizi ya kumwandikia kanuni hiyo.